Masika Niliyomtengeneza Konokono

3 Machi

Mvua ya kwanza imeanguka leo saa nane mchana, na saa tisa mume wangu akaigawa nyumba yetu ya kwanza.

Naandika humu kwenye daftari langu la vipimo vya wateja kwa kuwa nusu yake haijaguswa. Cherehani niliifunika mwaka juzi, macho yalipoanza kulikataa tundu la sindano, lakini karatasi safi siwezi kuitupa. Mama alinilea hivyo.

Nyumba yenyewe ni trela. Dogo, la bati, rangi ya maziwa, urefu hatua tano, upana hatua tatu. Mume wangu alikuwa mpima ardhi. Wakati zile barabara kubwa zinapimwa alipewa trela hilo la kulala porini, na tulipooana nikaingia humo na masanduku mawili na cherehani ya mkono. Tuliishi humo miaka minne, tukihama kila barabara iliposogea. Tukaliita Konokono kwa kuwa tulitembea na nyumba mgongoni, na mpaka leo tunamtaja kama mtu. Kazi ilipoisha ofisi ikatuachia, tukawa tunaendea likizo na watoto. Tangu watoto waondoke amekaa uani, na kuku wa jirani wanataga chini yake bila kulipa kodi.

Desemba mume wangu aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Wamemtia chuma. Sasa anatembea kwa fremu, kutoka kitandani hadi kiti cha dirishani, na kutoka kiti cha dirishani hadi kitandani. Dada wa mazoezi, anayekuja kila Jumanne, anasema angeweza kupanda ngazi kama angetaka. Hataki. Mimi nimehamia chumba cha watoto, nisije nikamgonga usingizini.

Leo kitindamimba wetu, ambaye ni mkandarasi wa majengo, alikuja kutujulia hali. Chai haijapoa, baba yake akamwambia, "Mchukue Konokono. Mfanye ofisi huko saiti."

Mwanangu akanitazama. "Mama, unasemaje?"

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nikasema, "Ngoja mvua ziishe. Sasa hivi utakwama na tope hapo getini."

"Haya mama. Mwisho wa Mei, basi."

Kwa hiyo nina masika haya tu. Nataka mume wangu apande humo, alale hata usiku mmoja, kule kando ya mto tulikoanzia maisha. Akilala, Konokono haendi popote. Akishindwa, geti nitalifungua kwa mkono wangu.

5 Machi

Nimemfungua. Kitasa kilikataa, nikakibembeleza kwa mafuta ya cherehani. Ndani kuna harufu ileile ya sabuni na mafuta ya taa. Nilikaa sakafuni muda mrefu bila kufanya kitu. Kwenye mlango wa kabati bado kuna mwandiko wake wa penseli: "Chumvi hapa. Fundi, HAPA." Yeye aliniita Fundi, mimi nikamwita Mpima, na miaka minne tuligombania mahali pa kuweka chumvi.

Nimekumbuka jioni ya kwanza. Mimi bibi harusi wa siku mbili, nimekaa ndani na viatu mkononi, yeye yuko nje kwenye manyunyu anazungusha jeki za kona. Akaingia, akaweka pimamaji juu ya kitanda, akaguna, akatoka. Akaingia tena, akaguna, akatoka. Mara ya tano ndipo akatabasamu akasema, "Sasa karibu nyumbani." Nilidhani nimeolewa na kichaa. Kumbe nimeolewa na mtu asiyeweza kukukaribisha mahali palipoinama.

Nimemkumbuka sana mtu huyo leo, na wala hayuko mbali. Yuko hatua ishirini kutoka hapa, amenuna dirishani.

7 Machi

Mvua kutwa. Paa linavuja sehemu tatu. Sufuria tatu.

10 Machi

Mvua imetupa likizo ya nusu siku. Nimepanda juu ya kigoda nikakwangua mpira wa zamani wa madirisha, nikapaka silikoni kwenye maungio ya paa. Nilikuwa naanzia chini, kwa sababu ndiko mkono ulikofika. Sauti ikatoka dirisha la chumbani.

"Anzia juu. Maji hayapandi mlima."

Ndiyo maneno yake ya kwanza kuhusu Konokono tangu amgawe. Sikugeuka, nisije nikaonekana nimefurahi. Nilianzia juu.

11 Machi

Sufuria moja.

17 Machi

Amekuja Cheche, fundi wa kuchomelea wa mtaa wa nyuma. Jina amepewa kwa kazi yake na pia kwa mdomo wake. Nilimwonyesha kingazi cha zamani, kile kimoja kinachoning'inia mlangoni, kirefu kwa mtu mwenye nyonga ya chuma.

"Shemeji, nitakufanyia vidaraja vitatu, vipana, vyenye kukwaruza mguu usiteleze. Mzee atapanda kama anaingia benki."

"Na vishikio pande zote mbili."

"Vya kimo gani?"

"Nitakupa vipimo," nikasema. "Mume wangu namjua kwa sentimita." Nilisema hivyo kwa majivuno. Naliandika neno hilo ili nilikumbuke.

22 Machi

Sola imefungwa juu, betri iko chini ya benchi, taa mbili zinawaka. Enzi zetu ilikuwa karabai, na mimi nilishona suruali za vibarua wote wa kambi chini ya karabai hiyo. Nimeziwasha na kuzizima taa hizi mara sita kama mtoto.

Mpima aliona. "Utamaliza betri," akasema dirishani.

23 Machi

Nimepika, nimefua, mvua.

29 Machi

Nimeifunua cherehani. Turubai la kivuli cha mbele limeoza, nikanunua jipya na sasa limejaa sebule nzima, mimi natambaa juu yake na chaki. Miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Chini ya turubai la zamani ndipo mtoto wetu wa kwanza alipojifunza kutembea, kati ya kamba moja na nyingine, na kila siku alijikwaa kwenye kamba ileile. Baba yake alikuwa anapima mteremko upande wa pili wa mto. Alimwona kupitia darubini yake ya kupimia. Aliacha kazi, akavuka maji na viatu vyake.

Leo nilipofika kwenye pindo, nikasikia fremu inakuja, tok, tok, mpaka mlango wa sebule. Hajawahi kufika huko tangu Desemba.

"Mshono huo ukunje mara mbili," akasema. "Upepo wa kule mtoni hauna adabu."

Kule mtoni, amesema. Sikumwambia kitu kuhusu mto. Akageuka akarudi chumbani, tok, tok, na mimi nikakunja mara mbili, ingawa kushona nilianza kabla yeye hajajua kusoma rula.

7 Aprili

Leo tumekitoa kitanda. Kile cha mbao, cha watu wawili, alichokijenga mwenyewe. Kiko chini mno na kinabana njia, fremu haipiti. Dada wa mazoezi alisema kitanda cha mgonjwa kiwe cha kimo cha goti na mtu apate pa kushika. Kwa hiyo Cheche amechomelea kipya, upana sentimita sabini, chenye chuma cha kushikia ubavuni na kimeza cha dawa kichwani. Njia sasa ni pana, fremu inageuka vizuri.

Cheche alirudi nyuma akaangalia. "Shemeji, hii sasa wodi."

Nilicheka. Nilipotoka na mbao za kitanda cha zamani nikamwona Mpima dirishani, anatazama. Kisha akavuta pazia.

10 Aprili

Pazia bado limefungwa. Mvua kubwa.

11 Aprili

Limefungwa.

13 Aprili

Nimemuuliza ananunia nini. Amesema hanuni. Nimemuuliza pazia lina nini. Amesema mwanga unamuumiza macho. Kutwa nzima hakuna mwanga wenyewe, mawingu matupu. Nimechoka. Mtu anakutengenezea kitu kwa jasho lake, na wewe unamfungia pazia. Siku zote hakupenda kitu kuhamishwa, hata chumvi. Nimemwekea chakula nikaondoka bila kusema karibu.

21 Aprili

Leo nimekosea.

Nieleze tangu mwanzo. Vipimo vya vishikio nilivitoa humuhumu, ukurasa wa kumi na moja wa daftari hili, nilipomshonea koti lake la kustaafu. Kimo, bega hadi kiganja, kiganja hadi ardhini, vyote nimeviandika kwa kalamu ya bluu. Nilimpa Cheche, akachomelea barabara, hata milimita haikupotea.

Leo ni Jumanne, mvua ilikatika, dada wa mazoezi alikuwepo. Alimsema Mpima kwa upole nusu saa nzima mpaka akakubali. Akatoka nje. Kwa mara ya kwanza tangu Desemba jua lilimpiga kichwani, nikaona jinsi nywele zilivyobaki chache. Akafika kwenye vidaraja. Akaacha fremu, akainua mkono kushika kishikio.

Mkono ulipanda juu, ukazidi kupanda. Kishikio kilikuwa juu mno kwake. Ilibidi ajivute, bega likaenda masikioni, mguu mzuri ukanyanyuka na ule mbovu ukabaki peke yake. Ukateleza. Dada wa mazoezi alimdaka kiunoni, mimi nikamdaka shati. Shati likachanika.

Hakuanguka. Lakini alipopata pumzi aliniangalia, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Fundi," akasema, "umempimia nani?"

Nilimpimia mtu wa ukurasa wa kumi na moja. Miezi yote hii nimekuwa namhudumia mmoja na kumtengenezea mwingine, na huyu wa leo sikuwahi hata kumtupia jicho la fundi. Mteja akija dukani kwangu na vipimo vya miaka iliyopita nilikuwa namcheka na kumwambia simama hapa, mwili si ukuta. Kwa mume wangu sikukumbuka.

22 Aprili

Nimepiga moyo konde nikaingia chumbani na futikamba shingoni.

"Simama wima," nikamwambia.

"Huku ndiko kusimama wima."

Nikampima. Kimo, bega la kulia, bega la kushoto, ambalo sasa limeshuka zaidi. Kiganja hadi ardhini. Alininusa kama alivyokuwa akininusa zamani nikimpima, nikimkaribia na pini mdomoni.

"Umepungua sentimita saba," nikasema.

"Zimebaki barabarani. Nilipima nyingi mno."

"Na huku kiunoni umepungua pia."

"Hicho ni chakula chako."

Niliandika vipimo vipya chini ya vile vya bluu, kwa penseli, kisha nikaenda jikoni nikalia, wala sikusingizia kitunguu.

24 Aprili

Cheche ameshusha vishikio. Hakutoa mzaha hata mmoja. Alipomaliza akasema tu, "Sasa vimemfuata yeye."

27 Aprili

Mvua, na upepo. Turubai limevumilia. Pindo la mara mbili, basi, hakukosea. Sitamwambia.

2 Mei

Mvua zinapungua, zinakuja jioni tu. Mwanangu amepiga simu kuuliza kama geti linapitika. Nimesema bado.

Pazia limefunguka nusu.

6 Mei

Leo hakukuwa na dada wa mazoezi wala Cheche. Nilikuwa nafunga pampu ya maji ya kukanyaga kwa mguu, niko nimelala chini ya sinki, nikasikia tok, tok uani. Sikutoka. Niliogopa nikitoka atarudi. Nikasikia kidaraja cha kwanza kinalia. Kimya. Cha pili. Kimya kirefu, na pumzi. Cha tatu. Kisha Konokono akayumba kidogo, kama alivyoyumba siku zote mtu wake akiingia.

"Fundi, uko wapi?"

"Chini ya sinki."

"Usitoke kwanza. Nataka niangalie bila kuelezwa."

Nikabaki na uso kwenye bomba. Nilisikia anagusa kila kitu. Swichi ya taa. Mlango wa kabati, na kicheko kidogo pale penye mwandiko wa chumvi. Kisha akakaa kitandani, nikasikia anavuta tepu yake ya chuma, ile isiyomtoka mfukoni hata akiwa na pajama.

"Sabini," akasema.

"Ndiyo. Ili fremu ipite."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe unalala wapi?"

Nikatoka chini ya sinki. Nikamwonyesha benchi la pembeni. Akalipima. Sentimita mia na kumi.

"Utalala hapa umekunjwa kama khanga dukani?"

"Nitakaa tu. Nikuangalie ukihitaji kitu."

Alikunja tepu polepole. "Hospitali nilikuwa na manesi watatu," akasema. "Sikurudi nyumbani kutafuta wa nne."

Nikaanza kujitetea, kwamba alisema nesi mwenyewe, nisilale naye, nisije nikamgonga nyonga.

"Wiki sita. Alisema wiki sita, nilikuwepo. Nikahesabu. Ya saba ikaja, ya nane, wewe uko na mto wako chumba cha watoto. Nikasema basi, haya mambo yamekwisha, na mimi si mtu wa kumwomba mke wangu aje kitandani. Ndiyo maana nilimwambia mtoto amchukue Konokono. Ningelala humu na nani? Halafu nikakuona unatoa kitanda chetu, unaleta hiki."

Nilikaa kwenye benchi langu la sentimita mia na kumi. Nilidhani ananunia kitanda kuhamishwa. Nilidhani ananunia nyonga, uzee, Mungu. Kumbe mtu alikuwa peke yake nyumbani mwake, na mimi ndiye niliyemwacha, nikiwa nashona, nachomelea, napaka silikoni, kwa ajili yake.

Nikamwambia ukweli. Kwamba nilisikia neno usimguse nikaishia hapo, wiki sikuhesabu. Usiku ule wa bafuni nilisikia mfupa ukivunjika, na tangu siku hiyo kila nikimkaribia nausikia tena. Niliogopa. Kumtengenezea trela kulikuwa rahisi kuliko kumgusa.

"Mimi pia naogopa," akasema. "Tungeogopa pamoja, lakini."

Kushuka ilituchukua robo saa. Nilimshika mkono, kiunoni, kila mahali. Hakuna kilichovunjika.

7 Mei

Nimerudisha mto wangu.

9 Mei

Amedai karatasi, rula na penseli nne zilizochongwa. Anachora. Anakunja uso, anafuta, anaita nimpimie hiki, nimpimie kile, na nikimpa jibu anataka nipime tena. Ananiudhi kama zamani. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyoudhi, na nilivyomkosa.

12 Mei

Mchoro umekamilika. Ubao wa sentimita hamsini na tano, wenye bawaba, unakunjwa ukutani mchana ili fremu ipite, unashuka usiku kuungana na kile kitanda. Jumla mia na ishirini na tano. Pembeni ameandika kwa herufi ndogo: "Upande wa ukutani: Fundi." Cheche ameuangalia mchoro mara mbili.

"Mzee, hii kazi nzuri. Ila na kile chuma cha wodi?"

"Ng'oa."

"Kiache," nikasema mimi. "Anahitaji pa kushika akiamka."

Wakaniangalia wote wawili. Chuma kimebaki.

18 Mei

Mwanangu amekuja na mnyororo wake wa kuvutia. Amemkuta baba yake amekaa uani kwenye kiti, kofia kichwani, anamfokea Cheche kwa milimita mbili.

"Baba, shikamoo. Nimekuja kuangalia ofisi yangu."

"Marahaba. Shika ubao huu."

Akaushika. Aliushika saa nzima, na mkandarasi mzima mwenye vibarua thelathini akaambiwa mara tatu kwamba anaupinda.

"Sasa ofisi yangu, baba?"

"Ofisi ni meza na paa. Si unajenga? Jenga."

Akageuka kunitazama, na mimi nikajifanya natafuta bisibisi. Kisha akacheka, akaweka mnyororo kwenye gari. Jioni akanivuta pembeni. "Mama, lini nije kuwavuta?"

25 Mei

Siku nne bila mvua.

30 Mei

Mwanangu ametuvuta kwa pikapu yake, taratibu, na baba yake mbele akimwonyesha kila kona aliyoipima. Mahali petu pamebadilika. Kuna daraja la zege, na upande ule wa mteremko kuna mashamba ya watu. Nilisikitika mpaka nikasahau kushuka. Mpima akasema, "Mla ni mla leo, Fundi. Tungoje mpaka warudishe msitu?"

Vidaraja akavipanda mwenyewe. Mwanangu alikuwa nyuma yake na mikono wazi, hakuitumia. Tulimpa chai, akaondoka kabla ya giza, akasema atarudi Jumapili.

Ubao umeshushwa. Taa zimezimwa, kuokoa betri.

31 Mei, asubuhi

Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana mwandiko umepinda. Wa kulia uko chini ya kichwa chake. Umekufa ganzi tangu alfajiri. Siuondoi.